Ruhusa ya Kutochimba

Leo asubuhi, kabla chai haijapoa, nimeulizwa na bwana mmoja ambaye, kwa dalili zote, hajapata kukanyaga udongo wa Katanga hata kwa viatu vya kuazima, kwamba natarajia kuondoka Lubumbashi lini. Swali lilikuja kwa adabu kamilifu, lenye salamu mwanzoni na shukrani mwishoni, na adabu hiyo ndiyo iliyonichoma zaidi, kwa maana tusi la mlevi hufutika pombe imtokapo, ilhali tusi la mstaarabu halina dawa. Alieleza kwamba wasafiri wengi wapitao Afrika huficha mikebe yao, wakapanda ndege, wakaisahau. Kwamba yeye, akiwa mhakiki, amebeba dhamana ya kuona kila mkebe una mtu wa karibu wa kuutunza. Na kwamba kwa sababu hiyo angefurahi kujua tarehe ya safari yangu pamoja na jina la mwenyeji atakayebaki. Mwenyeji atakayebaki! Niliisoma barua hiyo kwa sauti, na mama watoto, aliyekuwa akichekecha unga wa bukari, akauliza bila kuinua uso, "Papa, unaenda wapi, na mbona sisi hatukuambiwa?"

Ili msomaji aipime fedheha hii kwa mizani iliyo sawa, sina budi kueleza mchezo wenyewe, ambao jina lake ni jiokashi, na ambao ukielezwa upesi huonekana upuuzi, lakini ukielezwa pole pole huonekana hekima. Mtu huchukua mkebe usiopitisha maji, akatia ndani yake daftari na kalamu, akauweka mahali pasipoonekana kwa urahisi, kisha akautangazia ulimwengu latitudo na longitudo ya mahali hapo. Na ulimwengu, yaani yeyote mwenye simu na miguu, huja kuutafuta, akiuona hutia sahihi daftarini, huurudisha pale pale, huenda zake. Hakuna kombe wala fedha; ujira wote wa taabu ni kuliandika jina lako chini ya jina la mtu usiyemjua. Mikebe ya namna hii imo duniani zaidi ya milioni tatu, vileleni mwa milima, chini ya madaraja na ndani ya mashina ya miti, na waendao sokoni hupita kando yake kila siku bila kujua kwamba wamepita kando ya siri.

Nakiri kwamba kilichonitia katika mchezo huu si mkebe bali ni mbingu. Juu ya vichwa vyetu, kwa umbali wa kilomita zipatazo 20,200, huzunguka setilaiti zisizopungua 24, kila moja ikiizunguka dunia mara mbili kwa siku, na kila moja imebeba saa za atomiki zisizojua usingizi. Watu wengi hudhani kwamba setilaiti hizo hutuona, na wapo majirani zangu ambao hufunga mapazia kwa ajili yake. Hakika yake ni kwamba hazimjui mtu wala hazina haja naye. Kazi yake ni kutangaza tu, usiku na mchana: mimi ni fulani, niko mahali fulani, na sasa ni saa fulani. Simu iliyo mkononi mwa mtafutaji husikiliza matangazo hayo, hupima kila moja limechelewa kiasi gani kufika, na kwa kuwa mawimbi huenda kwa kasi ya nuru, kilomita zipatazo 300,000 kwa sekunde, kuchelewa kule hugeuka kuwa umbali. Umbali wa setilaiti tatu ungetosha kumweka mwanadamu mahali pake, lakini kwa sababu saa ya simu ni duni mbele ya saa za mbinguni, huhitajiwa setilaiti ya nne ili kuisahihisha, maana kosa la sehemu moja ya bilioni ya sekunde huzaa kosa la sentimita 30 ardhini.

Na tusiishie hapo, kwa kuwa ajabu kubwa zaidi imo ndani ya saa zenyewe. Kule juu, ambako mvuto wa dunia umepungua, saa hukimbia. Lakini kwa kuwa setilaiti nazo zinakwenda kwa kasi kubwa, saa huchelewa. Na hesabu ya mambo hayo mawili yaliyotangulia kuelezwa na Einstein ikifungwa, saa za juu hupata ziada ya sehemu 38 za milioni moja ya sekunde kila siku juu ya saa zetu. Ni kiasi ambacho hakimtoshi mtu kupepesa kope, walakini kisiporekebishwa huzaa kosa la kilomita zipatazo kumi kila siku, na haingepita juma moja kabla mtu aliyesimama mtaani Kamalondo hajaambiwa kwamba yuko Zambia na anadaiwa viza. Nilipokwisha kuyafahamu haya nilisimama uani usiku nikiishika simu kwa taadhima, na nikasema moyoni kwamba mwanadamu aliyeweza kuyapanga haya hawezi kushindwa na jambo dogo la kuidhinisha mkebe.

Hapo awali setilaiti hizi, zilizo mali ya jeshi la Marekani, zilikuwa zikiwapa raia habari iliyochafuliwa makusudi, hata mtu akaweza kukosea kiasi cha mita mia. Rais Clinton akaamuru uchafu huo uondolewe, na mwanzoni mwa Mei mwaka 2000 ukaondolewa. Tarehe 3 ya mwezi huo huo mtu mmoja aitwaye Dave Ulmer akaipeleka ndoo msituni karibu na Beavercreek katika jimbo la Oregon, akaizika nusu, akatia ndani kanda ya filamu, vitabu, dola chache, mpini wa manati na kopo la maharagwe, kisha akatangaza mahali ilipo. Na kabla siku nyingi hazijapita Mike Teague akaifikia wa kwanza. Namsihi msomaji aikumbuke ndoo hiyo vizuri, kwa maana ndiyo Adamu wa mikebe yote, na kwa kanuni za leo ingekataliwa papo hapo: kuchimba ardhi bila ruhusa ya wazi kumekatazwa, na chakula ndani ya mkebe kimekatazwa pia. Lau Bwana Ulmer angalimwandikia mhakiki wangu, mchezo ungalikufa tumboni.

Wahakiki nao wanastahili maelezo. Mhakiki ni mchezaji mzoefu aliyeteuliwa miongoni mwa wachezaji. Halipwi hata senti. Hufanya uhakiki kwa jina la bandia, usiku, baada ya kazi impayo mkate. Na hugawiwa sehemu ya dunia, wakati mwingine nchi nyingi kwa pamoja, ambayo hatakiwi kuizuru bali kuitazama katika ramani na katika picha zilizopigwa kutoka juu. Kila mkebe mpya husubiri mlangoni kwake kama mwari asubirivyo posa, naye huukagua: je, uko umbali wa mita 161 au zaidi kutoka mkebe mwingine? Umefukiwa? Unatangaza biashara, au dini, au siasa? Uko karibu na reli, shule, kambi ya jeshi, uwanja wa ndege, bwawa, au jengo la serikali, mahali ambapo mtu anayechungulia vichakani huweza kupigwa risasi kabla hajatia sahihi? Mwenye ardhi amekubali? Nani atautunza? Siwezi kusema kwamba maswali haya hayana busara. Nasema tu kwamba mtu alipwaye mshahara unaweza kumshitaki kwa mkubwa wake, ilhali mtu ajitoleaye ukithubutu kumlalamikia, mkosefu wa shukrani ni wewe. Na hakuna enzi iliyo madhubuti kuliko enzi ya mtu anayekutendea hisani.

Msomaji wa mji huu amekwisha kuiona taabu yangu. Lubumbashi ulizaliwa na reli. Njia ya chuma ilipofika kutoka Rhodesia mwaka 1910 ndipo mji nao ulipofika, ukapewa jina la malkia wa Kibelgiji, na mpaka leo ni vigumu kwenda ng'ambo bila kuivuka reli hiyo. Nikaiondoa stesheni na jirani zake zote. Nikauondoa uwanja wa ndege wa Luano, nikaiondoa kambi ya Vangu, nikayaondoa machimbo ya Ruashi yenye walinzi wasiopenda mizaha, nikaziondoa shule, ambazo mapadri walizipanda kila kona. Uwanja wa Posta nao una maofisa wengi kuliko vichaka. Nilipokwisha kuondoa yote yaliyokatazwa, mji uliobaki ulikuwa ni makaburi na mabaa, na kwa kuwa katika mojawapo mtu hatakiwi kupekuapekua na katika ya pili mkebe hauwezi kulala usiku mmoja, nikaelekea nje ya mji, upande wa barabara ya Kasapa, nikachagua kichuguu.

Wasomaji wa pwani, ambao kwao kichuguu ni kitu cha kukalia, wanisamehe nikikaa hapa kidogo. Vichuguu vya uwanda wetu ni vilima: hufika mita tano hata nane kwenda juu, na kitako chake ni kipana kuliko nyumba ya mtu wa kawaida. Vimepangika porini kwa nafasi karibu sawa, vitatu hata vitano katika hekta moja, hata picha zipigwazo kutoka juu huonyesha nchi yenye madoadoa. Waliovijenga ni mchwa wakubwa ambao hawali miti waliyoikata bali huilisha kuvu, na kuvu huyo wakamlima ndani ya vyumba vyenye joto lililopimwa na hewa inayopanda na kushuka kwa njia zake. Na mvua zikianza, kuvu huyo huchomoza nje akawa uyoga, na mmoja wa jamii yake, apatikanaye katika nchi yetu na Zambia, kofia yake huweza kufikia upana wa mita moja, ukubwa wa kumkinga mtoto na mvua ile ile iliyomwotesha. Wataalamu waliopima umri wa vichuguu vya Katanga walikuta kimoja, kilichokwisha kuhamwa, chenye zaidi ya miaka elfu mbili. Fikiri basi: kabla ya Waluba na dola yao, kabla ya msalaba wa shaba uliokuwa fedha ya nchi hii, mchwa walikuwa wamekwisha kuweka msingi. Nilijiambia kwamba kitu kilichosubiri miaka elfu mbili kitaweza kumsubiri mhakiki.

Basi nilichukua mkebe wa maziwa ya unga, nikaupaka rangi ya udongo, nikatia daftari lililofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, nikauegemeza katika ufa kati ya mizizi ya mti ulioota ubavuni mwa kichuguu, pasipo kutia jembe wala kijiti ardhini. Nikasimama hapo simu ikisikiliza mbingu mpaka nambari zilipotulia, nikaziandika, nikaupeleka mkebe wangu kwa mhakiki, nikaanza kungoja. Kungoja huko nako kuna sura zake mjini petu. Ukiwa na umeme huna mega za mtandao. Ukinunua mega umeme hukatika. Vikikutana vyote viwili, kule aliko mhakiki ni usiku na yeye ni binadamu, amelala. Majuma yalipita. Jirani mmoja, aliyeniona nikitoka kila jioni kwenda kuitazama simu mahali penye mtandao mzuri, alimwambia mama watoto kwa huruma kwamba wanaume wa rika langu hupatwa na mambo hayo, na kwamba jina la huyo mwanamke litajulikana tu.

Jibu la kwanza lilipofika liliuliza juu ya madoa. Katika picha ya setilaiti, aliandika mhakiki, mahali pangu palikuwa na duara, na kandokando yake maduara mengine mengi yaliyopangika. Je, yalikuwa makaburi ya kale, au maghala ya silaha? Nikamjibu kwa ukurasa mzima juu ya mchwa, nikieleza kuvu, hewa na umri, na nadhani ule ni miongoni mwa maandishi mazuri niliyopata kuyaandika. Alinishukuru kwa mstari mmoja, akauliza kama ninayo ruhusa ya mwenye ardhi, iliyoandikwa.

Hapo ndipo nilipoingia katika ofisi ambayo sitaitaja, kwa kuwa bado nakaa katika eneo lake. Karani alikuwa mtu mwenye heshima zake, shati limepigwa pasi, mezani pana kisanduku cha mihuri chenye kufuli dogo la shaba, na ufunguo wa kufuli hilo ulikuwa umefungwa kwenye saa yake ya mkononi kwa uzi mwekundu, hata kila alipotazama saa kufuli lilikuwa kama limekumbushwa.

"Papa, unaomba kuchimba nini?"

"Siombi kuchimba, shefu. Naomba kuweka mkebe juu ya ardhi, bila kuchimba."

"Mkebe una nini?"

"Daftari na kalamu."

"Na chini ya mkebe?"

"Udongo, shefu."

"Na chini ya udongo?"

Nikanyamaza, kwa kuwa katika Katanga hakuna mwenye akili timamu anayeweza kuapa juu ya kilicho chini ya udongo. Karani akatikisa kichwa kama tabibu aliyeupata ugonjwa, akafungua saraka, akazipanga fomu mbele yangu moja moja kwa fahari: ya kuchimba mchanga, ya kuchimba udongo wa matofali, ya kuchimba kisima, ya kukata miti ya makaa, ya kujenga, ya kubomoa. Niliziomba zote zipishe njia, nikamrudia na kauli yangu, kwamba sitachimba, sitakata, sitajenga wala kubomoa. Nitaweka tu, na watu watakuja, wataandika majina, watakwenda.

"Watakuja kutoka wapi?"

"Popote duniani."

"Wazungu?"

"Labda na wazungu."

"Na hawatachukua kitu?"

"Hawatachukua kitu."

Aliniangalia kwa muda mrefu, si kwa chuki bali kwa masikitiko, kama kwamba nimemweleza hadithi ya nchi hii huku nimeisahau sehemu yake muhimu. Kisha akaitwa mkubwa wake, akaja na mwingine asiye na kazi siku hiyo, wakashauriana juu ya hatari ya kumpa mtu ruhusa ya jambo lisilo na fomu. Mmoja alisema kwamba jambo lisilo na fomu halikukatazwa, wa pili alisema kwamba jambo lisilo na fomu halipo, na wa tatu aliuliza kama mkebe ni wa maziwa ya aina gani. Mwishowe, baada ya kulipwa gharama ya karatasi, na ya wino, na ya maji ya kunywa kwa ajili ya joto la siku hiyo, karani aliandika kwa mkono hati ambayo naamini haina ndugu katika kumbukumbu za Jamhuri: kwamba aliyeichukua ameruhusiwa kutochimba katika kichuguu kilichotajwa, kwa muda usio na kikomo, bila kudhuru haki za wale wenye ruhusa ya kuchimba. Akaitazama saa yake, akafungua kufuli, akapiga muhuri. Nilitoka nikiwa nimeishika hati hiyo kwa mikono miwili.

Nikaipiga picha, nikaituma, nikangoja tena; na jibu la hati hiyo, iliyopatikana kwa jasho namna ile, ndiyo ile barua ya leo asubuhi iliyotaka kujua nitapanda ndege lini. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimefanywa mgeni nyumbani kwangu, na jembe ndilo nililoapa kwa muhuri kwamba sitalishika.

Mchana nilikwenda Kasapa ili niupige picha mkebe pamoja na uso wangu, uwe ushahidi wa ukaazi. Nambari za simu zilinifikisha barabara, hatua kwa hatua, mpaka mishale yote ikaniambia nimewasili, nami nikajikuta nimesimama katikati ya shimo. Kichuguu hakikuwapo. Vijana waliovua mashati walikuwa wakikanyaga tope kwa miguu, wengine wakilijaza katika kalibu za mbao na kuzipindua, safu kwa safu, chini ya majani makavu, na mbele yao tanuri limesimama tayari kutiwa kuni. Kwa maana udongo wa mchwa una mfinyanzi kuliko udongo ulio jirani yake, na nusu ya kuta za mji huu zilikuwa vichuguu. Nilichutama nikaanza kupapasa.

"Papa, unatafuta nini mu bulongo yetu?"

"Kichuguu."

"Ile kichuguu ilishaisha, papa. Iko pale," akasema, akinionyesha tanuri.

Walikuwa watu waungwana. Waliniletea mkebe wangu, ukiwa umejaa chumvi, wakaniletea na daftari, na daftari lilikuwa limeandikwa kurasa nyingi: majina upande wa kushoto, idadi ya matofali ya kila mtu upande wa kulia, na sahihi mwishoni mwa kila siku. Kwa kanuni za mchezo watu hao wameupata mkebe wangu na kutia sahihi kabla haujachapishwa. Nilipowauliza kwa sauti iliyoanza kupanda ni nani aliyewapa ruhusa, kiongozi wao alifuta mikono kwenye suruali, akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua kwa uangalifu. Ilikuwa fomu safi ya kuchimba udongo wa matofali, yenye muhuri ule ule na mwandiko ule ule.

Tangu saa hiyo nimeshindwa kucheka, na msomaji aniwie radhi. Nchi yangu inajua latitudo na longitudo kuliko mhakiki yeyote. Haki za kuchimba madini katika Kongo hugawiwa kwa miraba, na kila mraba, wa hekta 84.955, umewekwa kwa nambari hizo hizo ziletwazo na simu yangu. Anayeipata miraba huweza kukaa ng'ambo ya bahari mbili, na hakuna amwulizaye jina la jirani. Mtawala Msiri wa Bunkeya, aliyekuwa mwenye ardhi hii, aliombwa ruhusa na msafara uliotokea pwani ya Zanzibar. Akakataa bendera waliyomletea, na Desemba 1891 akauawa kwa risasi. Mwaka 1906 kampuni ya Union Minière iliundwa kuchimba shaba iliyokuwa ya mtu huyo, mwaka 1911 tanuri lake likaanza kuyeyusha kando ya mto Lubumbashi, na takataka zake zikarundikwa mpaka zikawa mlima mweusi, ambao mpaka leo huonekana ukiwa mbali na mji, wala hauhitaji setilaiti. Hakuna aliyewaandikia barua yenye salamu na shukrani akiwauliza: mabwana, mtaondoka lini, na ni nani atakayeutunza mlima huu mkiisha kwenda? Swali hilo lililala zaidi ya karne moja, likaamka leo asubuhi, likaniangukia mimi kwa ajili ya mkebe wa maziwa.

Simchukii mhakiki, nina yakini kwamba ni mtu mwema, aliyechoka, anayeamka usiku kwa hiari yake ili vichaka vya watu asiowajua viwe safi. Kinachoniuma ni kwamba kanuni zake zimeandikwa kwa nchi ambamo kila kipande cha ardhi kina mwenyewe mmoja, na mwenyewe huyo ana anwani, na anwani ina kisanduku cha barua. Na mtu akaaye mahali pasipokuwa na vitu hivyo huonekana katika ramani yake kuwa hakai popote, anapita tu. Ukweli kwamba nimezaliwa hapa si hoja anayoweza kuipokea, kwa kuwa hauna picha kutoka juu.

Mikebe yangu mingine nitaitaja kwa haraka. Ule wa ziwa Kipopo umerudishwa kwa sababu picha ina giza. Ule wa mjakaranda ulikwenda pamoja na mjakaranda, uliokatwa kupisha nguzo. Uliosalia umo chini ya kitanda, na mhakiki wake ni mama watoto, ambaye ameupa mpaka Jumamosi.

Basi kwa yeyote wa mji huu afikiriye kuingia katika mchezo wa jiokashi, ambao nasema bado ni mchezo mzuri, nasaha yangu ni hii: matofali hukatwa na kuchomwa kiangazi, tangu Mei mpaka Oktoba, na barua za wahakiki hazina majira, kwa hiyo anayetaka mkebe wake uishi na auweke kichuguuni mvua za Novemba zikianza, na akienda ofisini aombe ruhusa ya kuchimba, kwa kuwa hiyo ndiyo yenye fomu.